Nilimtangaza Msomaji wa Mwezi kwenye peji ya maktaba, na mpaka leo sijaelewa vizuri nilichofanya

Wakuu, heshima kwenu. Mlionizidi umri shikamooni, tuliolingana poleni na majukumu, na nyie mnaosoma bila kujisajili nawaona pia, sogeeni.

Mimi si mtu wa kuanzisha nyuzi. Huwa napita humu kimya kimya, nasoma, natoka. Ila hili limenikaa kifuani na nimeona nilitoe.

Kila kitu kimetokea kama nitakavyoeleza. Nilichobadilisha ni majina ya watu, na mji sitautaja. Wa kanda hii mtajijua.

Mimi ni mkutubi, yaani yule mtu wa maktaba anayekaa mezani na kukuangalia vibaya ukiongea.

Maktaba yetu ni chumba kimoja kikubwa na baraza, huku mkoani Shinyanga, kando ya barabara inayopitisha malori ya bandari kavu ya Isaka. Asubuhi vumbi linafutwa, saa nne limesharudi. Nina miaka ishirini na mbili humo ndani. Kazi yangu ni kuandikisha, kuazimisha, kupokea na kunyamazisha.

Hiyo ya kunyamazisha ndiyo niliyoipenda zaidi, sifichi.

Sasa mwaka huu tukaitwa semina. Kila kitengo cha serikali, kuanzia stendi mpaka maktaba, kinatakiwa kiwe na peji mtandaoni, kiwe na grupu, na kila mwezi bosi apeleke ripoti ya watu wangapi wameiona peji yake.

Mwezeshaji alikuwa dada mmoja mchangamfu sana. Kila alichosema kilikuwa cha Kiswahili na bado sikukielewa. Nikanyoosha mkono nikauliza: mtu akishaposti kitu, kinatunzwa kwenye namba gani?

Ukumbi mzima ukacheka.

Wakuu, sikuwa natania. Kwangu kitu kisicho na namba hakipatikani. Mpaka leo hakuna aliyenijibu.

Niliandika daftari zima siku ile. Sentensi niliyoipigia mstari mara mbili ni hii: "Watu hawapendi kuona jengo, wanapenda kuona watu. Onesheni watu wenu." Ikumbukeni hiyo, ndiyo iliyonifikisha hapa.

Nikaanza na grupu la watsap la wasomaji.

Kila mwanachama nikampa namba. Nikaweka kanuni kumi na mbili. Hakuna salamu. Hakuna picha. Hakuna kujibu kabla ya kuruhusiwa. Yaani niliihamisha maktaba kama ilivyo nikaipachika kwenye simu.

Jumatatu ya kwanza mtu akatuma ua limeandikwa "Wiki njema yenye baraka". Nikamtoa hapo hapo bila onyo.

Alikuwa bosi wangu. Alikuwa amebadilisha laini.

Aliyeniokoa ni Mama Kulwa, mfanya usafi wetu. Ni mama mtu mzima, amenizidi miaka mitatu, na anauza vitenge kwa status. Status zake zinaangaliwa mpaka Kagongwa. Akawa ananifundisha saa ya chai, yeye na kikombe chake, mimi na daftari langu.

"Baba Ester," akaniambia, "watu wakinyamaza kwenye grupu ujue grupu limekufa."

Hilo lilinichanganya wiki nzima. Maktabani watu wakinyamaza ndiyo kazi inaendelea. Sasa huku nilitakiwa nifurahie kelele? Nikawa nafungua simu, naona kelele, mkono unawasha wa kufuta, najizuia. Nilikuwa naumwa na kichwa kweli kweli.

Tukafungua peji. Nikaposti rafu ya historia. Nikaposti rafu ya sayansi. Nikaposti rafu ya kilimo kutoka pembe mbili. Laiki zikaja mbili, yangu na ya Mama Kulwa.

Bosi akapiga simu. "Mkutubi, hivi hayo makabati unampostia nani?"

Hapa ndipo anaingia Mzee Nkwabi.

Mzee Nkwabi ni mkulima wa tumbaku, anatoka huko upande wa Ushetu. Miaka miwili mfululizo alikuwa anakuja kila Alhamisi na pikipiki yake. Anavua viatu mlangoni, ingawa hakuna aliyemwambia avue. Ananiita mwalimu, ingawa mimi si mwalimu, na nilishachoka kumsahihisha.

Anakwenda moja kwa moja rafu ya watoto. Anachukua viwili, vile vya kuanzia kusoma, vyenye herufi kubwa na picha ya kuku.

"Vya mjukuu, mwalimu."

Kila Alhamisi ni hivyo hivyo. Vya mjukuu.

Wakati mwingine alikuwa anafungua ukurasa na kuweka kidole kwenye neno. "Mjukuu amekwama hapa. Nikamwambieje?"

Nalisoma lile neno. Na yeye analirudia chini chini mara mbili, tatu. "Nisije nikalisahau njiani," anasema.

Wakuu, mmeshaelewa, eti? Nyie mmeelewa ndani ya dakika mbili. Mimi miaka miwili, na cheti cha ukutubi kimetundikwa ukutani nyuma yangu.

Jambo lingine. Kwetu kila msomaji ana kadi. Ukiazima kitabu, tunaandika namba ya kitabu na tarehe, unasaini. Kadi ya Mzee Nkwabi mistari ya juu yote ilikuwa dole gumba, alama za wino wa bluu zimepangana. Huku wapo wengi wanaosaini hivyo, sikushangaa.

Mwezi mmoja kabla ya haya yote aliniinamia mezani akasema kwa sauti ya chini kwamba anataka kugombea uenyekiti wa chama chao cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Akaongeza kuwa kwa kanuni zao, mwenyekiti lazima awe anajua kusoma na kuandika.

Nikamwambia hongera. Nilidhani ameshusha sauti kwa sababu ya bango langu la KIMYA.

Sasa Alhamisi moja nikiwa nawaza ripoti ya bosi, nikamwona anaingia, na ile sentensi ya semina ikanijia. Onesheni watu wenu.

"Mzee, nikupige picha?"

"Ya nini, mwalimu?"

"Ya maktaba."

"Ya kumbukumbu?"

"Ndiyo mzee, ya kumbukumbu."

Akanyoosha kola, akasimama wima na vitabu vyake viwili kifuani. Sikumdanganya jamani. Kichwani mwangu peji ilikuwa ni rejista nyingine tu, imebadilishwa jalada.

Jumatatu nikaposti. Naweka hapa mnione akili yangu ilivyokuwa:

"MSOMAJI WETU WA MWEZI. Mzee Nkwabi wa Ushetu, babu ampendaye mjukuu wake. Tangu ajiunge ameazima vitabu vifuatavyo."

Halafu nikavipanga vyote. Namba, jina la kitabu, tarehe ya kuazima, tarehe ya kurudisha. Silabi kwa Picha, kitabu cha kwanza. Silabi kwa Picha, kitabu cha kwanza, aliongeza muda. Silabi kwa Picha, kitabu cha kwanza, aliongeza muda tena. Orodha ndefu hiyo, haina kosa hata moja. Na chini yake nikaweka picha ya kadi, madole gumba yote yanaonekana vizuri kabisa.

Nilijivunia ile posti. Nikaiangalia, nikasema sasa hii ndiyo kazi ya mkutubi.

Jumanne kimya. Jumatano simu ikaanza kutetemeka mezani mpaka ikasogea yenyewe.

Komenti juu ya komenti. Watu wa Ushetu, watu wa mchele wa Kagongwa, wachimbaji walioko kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, huko Geita, watu nisiowajua. Na zile sura za manjano zinazotoa machozi.

Nikaona machozi, nikajua watu wameguswa.

Nikajisemea, kumbe mtandao una watu wenye moyo hivi? Na kwa kuwa mwezeshaji alisema usiache komenti bila jibu, nikakaa nikajibu kila mmoja.

Mtu kaandika: "Huyu si ndiye anataka kutuongoza? Kumbe bado yuko kwenye silabi!"

Nikajibu: "Asante ndugu, karibu maktaba."

Mwingine: "Mjukuu yupi? Huyu mzee mtoto wake ni mmoja tu na ni padri."

Nikajibu: "Asante dada, karibu maktaba."

Mwingine: "Kwa hiyo padri ana mtoto???"

Nikajibu: "Asante, karibu sana, tuna vitabu vya watoto pia."

Naandika hapa kwa aibu.

Kulikuwa na mmoja, picha yake amevaa kofia ya pama nyeusi. Huyo hakuandika neno. Kila komenti yenye zile sura za manjano, yeye anaweka vicheko chini yake, saba, nane, kumi. Na mimi namjibu kila mahali, asante kaka, karibu maktaba.

Mchana bosi akapiga. Sauti ya furaha ambayo sijawahi kuisikia tangu aje. "Mkutubi! Umewapita wote! Hata stendi umewapita! Sasa ndiyo umeelewa!"

Nikasema asante. Nikakata simu nimenenepa.

Mama Kulwa alikuwa anafuta madirisha. Nikamwita aje aone. Akachukua simu, akaanza kutabasamu, halafu tabasamu likakatika katikati. Akasoma mpaka mwisho. Akakaa kwenye kiti cha wasomaji, kitu ambacho hajawahi kukifanya.

"Baba Ester, hawa hawajafurahi. Wanamcheka mzee wa watu."

"Wanalia, Mama Kulwa, si unaona machozi?"

"Wanacheka mpaka wanatoa machozi."

Akanieleza polepole. Kwamba mjukuu hayupo. Kwamba waliogundua hilo wamegawanyika mafungu mawili. Fungu moja linasema mzee mwenyewe ndiye anajifunza silabi, kwa hiyo uenyekiti hafai. Fungu la pili linasema mjukuu yupo, na kama yupo basi padri amezaa.



Wakuu, mkitaka kuelewa hali ya yule mzee, iko hivi. Akisema mjukuu hayupo, amejivua uenyekiti mwenyewe. Akisema mjukuu yupo, amemzamisha mwanawe. Akikaa kimya, vyote viwili vinaendelea. Na aliyemweka hapo ni mimi, kwa mwandiko mzuri na tarehe sahihi.

Mama Kulwa akaikuza picha ya kadi kwa vidole viwili. "Wote wameangalia juu," akasema. "Hakuna aliyeangalia chini."

Chini ya yale madole kulikuwa na msalaba. Kisha N peke yake. Kisha NKWA. Na mstari wa mwisho kabisa, wa Alhamisi ile niliyompiga picha, NKWABI, herufi zimeegemeana lakini zote zipo.

Ile kadi ilikuwa mkononi mwangu kila wiki. Mimi ndiye niliyekuwa naigeuza na kuonyesha pa kusaini.

Najua kuna mkuu atauliza kwa nini sikufuta posti mapema. Jibu ni kwamba nilijaribu. Nilibonyeza nilichodhani ni kufuta, nikawa nimebadilisha picha ya peji, ikawekwa ile kadi kubwa juu kabisa. Mama Kulwa ndiye aliyeirudisha. Nikampigia bosi kumwomba ruhusa ya kuiondoa, akaniambia nisithubutu, mwezi haujaisha na ripoti haijaenda. Na kufikia hapo skrinshoti zilishatapakaa kila grupu.

Alhamisi Mzee Nkwabi hakuja. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka miwili. Nilikaa nikiangalia mlango na mahali anapoacha viatu.

Jumamosi nikachukua bodaboda mpaka kijijini kwao. Nikauliza kwa Mzee Nkwabi ni wapi, watu wanaangaliana. "Baba Padri?" Mpaka jina lake la pale kijijini lilikuwa linanisuta.

Nikamkuta nyuma ya nyumba kwenye bani, lile jengo refu la kukaushia tumbaku. Alikuwa anachochea moto. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Hakunipa kigoda.

Nikaanza kuomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nina maneno mazuri kabisa. Akaninyamazisha kwa kiganja. Mimi, nimenyamazishwa.

"Nimeambiwa tu. Sijaona. Nionyeshe."

Nikatoa simu. "Nikusomee mzee?"

"Usinisomee."

Akafuta mikono kwenye suruali. "Mwalimu, mimi nimesomewa maisha yangu yote. Mwanangu akiwa seminari alikuwa ananiandikia barua. Katekista ndiye ananisomea. Mambo ya baba na mwanawe, katekista anayajua yote. Na majibu yangu anaandika yeye, sijui hata aliandika nini." Akasukuma kuni motoni. "Hili la mimi kutokujua kusoma ni la kweli, waseme tu. Ila mwanangu wamemsema uongo."

Nililia, wakuu. Nasema wazi. Nikasingizia moshi wa bani.

Akaweka kidole kwenye kioo cha simu. Kioo kikakimbia, akashtuka. Nikamwonyesha jinsi ya kukishika. Akaanza komenti ya kwanza, silabi kwa silabi, midomo inatembea. Ilichukua muda mrefu. Alipofika mwisho akashuka kwenye jibu lililokuwa chini yake.

"A-sa-nte. Ndu-gu. Ka-ri-bu. Ma-kta-ba."

Akainua uso. "Hili nani kaandika?"

"Ni mimi mzee."

"Amenitukana, wewe ukamshukuru?"

"Sikuelewa, mzee. Nilidhani wanakusifu."

Akaniangalia, halafu mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta wa bani.

"Ng'wana wane," akasema, yaani mwanangu, "kumbe na wewe hujui kusoma!"



Akaita mkewe aniletee maji na kigoda. Nilipokaa, akauliza, "Mtu akitaka kujibu anaandika wapi?" Nikamwonyesha kisanduku. Akauliza alama ya kupeleka ni ipi. Nikamwonyesha.

"Niachie simu. Alhamisi nitaileta."

Ningekataaje? Nikaondoa neno la siri, nikamwachia. Nikarudi mjini bila simu, naangalia miti njia nzima.

Sasa sikilizeni ujinga wangu wa mwisho. Simu ile ilikuwa imefunguliwa kwa peji. Chochote kitakachoandikwa pale kinatoka kwa jina la maktaba na nembo yake. Sikulikumbuka hilo hata chembe.

Jumanne asubuhi Mama Kulwa akaja mbio, ufagio mkononi, simu mkono wa pili.

Chini ya posti, kwa jina la maktaba, kulikuwa kumeandikwa hivi, herufi kubwa zote:

"MIMI NI NKWABI. MWANANGU HANA MTOTO. VITABU NI VYANGU. NILIKUWA SIJUI KUSOMA SASA NAJUA. YOTE MLIYOANDIKA NIMEYASOMA MWENYEWE. SIKU TATU. WABEJA."

Wabeja ni asante kwa Kisukuma, kwa wasio wa huku.

Mama Kulwa akaegemeza ufagio ukutani, akaisoma tena kwa sauti.

Bosi akapiga kupitia simu ya Mama Kulwa. "Mkutubi, maktaba ya serikali inatangaza kwamba ilikuwa haijui kusoma?" Nikamweleza. Akafoka. Halafu nikasikia anabonyeza kompyuta. "Lakini wanaiona wengi kuliko ile ya kwanza," akasema. Naye sauti ilikuwa ya mtu aliyepotea. Kwa mara ya kwanza tukawa tumechanganyikiwa pamoja.

Maneno ya padri yakafa siku ile ile. Hakuna aliyethubutu kuyarudia. Wengine wakafuta komenti zao kimya kimya. Yule wa kofia ya pama hakuweka kicheko tena.

Alhamisi mzee akaja. Akavua viatu. Simu yangu ilikuwa imefungwa kwenye leso safi.

"Simu yako inachoka haraka, mwalimu."

Hakusema amenisamehe. Nilisubiri aseme, hakusema, na sikuona kama nina haki ya kuuliza. Alirudisha vitabu viwili, akasema anataka kimoja chenye maneno mengi kuliko picha. Akasaini, nikaangalia kila herufi ikitoka.

Najua mnataka kusikia kwamba alipata uenyekiti.

Hakupata. Kwenye mkutano wao walimpa ajenda aisome mbele ya wanachama wote, wagombea wengine hawakuambiwa wasome. Akaisoma yote. Aliisoma polepole, watu wakaanza kukohoa na kuangalia nje. Alimaliza mpaka nukta ya mwisho, na kura wakampa mwingine.

Alinieleza hayo akiwa ametulia tu. Mimi ndiye niliyeshindwa kutulia. Bila posti yangu angeingia kwenye ule mkutano kama wagombea wenzake. Wapo wanaoniambia angegundulika tu, wapo wanaosema ni bora ilivyokuwa. Sijui. Nimelipindua hili jambo kila upande na sijui nijisikie vipi. Kuna siku naona aibu, kuna siku naona fahari, na kuna siku vyote vinakuja pamoja nashindwa hata kunywa chai.

Bosi aliniletea barua ya pongezi. Nimeiweka kwenye faili, sijaipa namba.

Nilichojifunza ni kifupi. Miaka ishirini na mbili nilijua mtu anasoma nini ni siri yake na kadi yake. Hakuna aliyewahi kuja mezani kwangu kuuliza fulani kaazima nini nikamjibu. Halafu nikapewa simu, na nikawatangazia watu wote bila kuulizwa, kwa sababu tu mahali penyewe ni papya na nilidhani papya pana sheria nyingine. Peji bado naiendesha. Naposti vitabu vilivyoingia, saa za kufungua, na Mama Kulwa anakagua kabla sijabonyeza. Machozi ya manjano sasa nayajua.

Grupu nimewaachia waongee. Maua ya Jumatatu yanaingia, navumilia.

Nimeanza kuandika uzi huu kwa sababu ya kilichotokea wiki iliyopita.

Ilikuwa saa tano, maktaba ina wanafunzi wawili na mzee mmoja wa gazeti. Akaingia mwanaume wa makamo. Akasimama mlangoni, akaangalia kulia na kushoto, akavua kofia. Kofia ya pama nyeusi.

Nilimjua pale pale. Nilikuwa nimemshukuru mara nyingi mno kumsahau.

Nikawa najiandaa kumwambia maneno yangu. Nilikuwa nayo mengi na yalikuwa makali. Halafu nikakumbuka kwamba huyu, katika siku zote zile, hakuwahi kuandika neno hata moja. Wenzake waliandika. Yeye aliweka vicheko tu.

Akasogea mezani. Akainama kabisa, akashusha sauti.

"Shikamoo mwalimu. Natafuta kitabu cha kuanzia kusoma." Akazungusha kofia mkononi. "Cha mjukuu."

Nikamwambia marahaba. Nikainuka, nikampeleka mwenyewe rafu ya watoto, nikamtolea Silabi kwa Picha, kitabu cha kwanza. Nikamwandikia kadi mpya. Akauliza anasaini wapi. Nikamsogezea pedi ya wino bila kumuuliza kitu, nikageuka kuangalia malori mpaka alipomaliza.

Simu ilikuwa mezani. Niliifunika kwa daftari.

Haya wakuu, uwanja wenu. Mlioko kwenye ofisi za watu na mmelazimishwa kuwa hewani kama mimi, mnajuaje kipi ni cha kuonyesha na kipi ni cha kufunika? Na kama kuna anayeelewa ile posti yangu ilimjenga Mzee Nkwabi au ilimbomoa, naomba anieleze taratibu, kwa lugha nyepesi.

Kusoma kwenyewe ndiyo kwanza naanza.